Msomaji wa Kurasa Tisa

Nianze na vidole vyake, kwa sababu kila nikijaribu kuanza na uso wake, vidole vinatangulia. Vilikuwa virefu, vikavu, vyenye kucha za njano, na kile cha shahada cha mkono wa kulia hakikukosa asali. Sisemi kwa mafumbo. Pembeni ya laptopu yake kulikuwa na kopo la asali ya Ipole lisilo na kifuniko, na kila baada ya aya mbili tatu alichovya kidole, akakilamba mpaka kwenye kifundo, kisha akakirudisha kwenye kibodi kikiwa bado kinang'aa mate. Kitufe cha kushusha ukurasa kilikuwa kimeota ngozi. Sisimizi walipanda mguu wa meza wakazama katikati ya herufi, naye aliwapuliza kama mtu anayepuliza vumbi la chaki. Mkono wa kushoto ulikuwa wa ugoro. Kitambaa alichofutia pua sitakieleza.

Alizaliwa wapi, ukoo wake ni upi, sijui na sikuwahi kuuliza. Mbele yake tulimwita Mwalimu, maana alistaafu ualimu kabla wengi wetu hatujajua kusoma. Nyuma yake tulimwita Msomaji. Ninaposema "sisi", namaanisha kikundi cha vijana wa Tabora tunaoandika riwaya, tuliokuwa tukikutana kila Jumamosi asubuhi katika chumba cha nyuma cha steshenari moja karibu na soko, katikati ya harufu ya wino wa printa na karanga za kukaanga. Msomaji lilikuwa jina la heshima. Leo nikilitamka, koo linajaa mate.

Naandika haya kwa ajili ya nusu ya kitabu ambayo si yangu. Ni ya rafiki yangu Nyamizi, binti wa mfuga nyuki wa Ipole, aliyeandika vizuri kuliko sisi wote. Aliikata nusu hiyo na kuifuta kabisa, kwa sababu Msomaji alimwambia aikate. Ndani yake mlikuwa na sauti ya bibi yake, neno kwa neno, na bibi huyo sasa yuko kaburini, hawezi kuulizwa tena. Duniani ilibaki nakala moja tu, ndani ya laptopu ile yenye asali. Aliyetumwa kwenda kuichukua ni mimi, niliyekuwa nimekaa miaka miwili na jambo ambalo sikumwambia.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Ukimaliza muswada, unauweka kwenye flashi, unafunga zawadi, unakwenda nyumbani kwake kando ya ile barabara ya zamani ya misafara, iliyokuwa ikielekea Ujiji. Zawadi ilikuwa jogoo, au karanga, au mchele wa Igunga. Nyamizi alipeleka asali, ndoo nzima ya plastiki, baba yake ameirina mwenyewe. Msomaji anapokea flashi kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto wa kubatizwa, ananakili faili, anakurudishia flashi, anasema, "Nipe mwezi." Mwezi ukitimia unaitwa. Unakaa kwenye kigoda, yeye kwenye kiti cha kamba, na wenzako wamekuja kusikiliza, wamejipanga ukutani.

Hukumu ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilichukua saa nzima, nayo ilikuwa nzuri kiasi cha kukuliza. Ya pili ilikuwa sentensi mbili.

"Mwanzo una pumzi, mwanawane. Mwisho ukate."

Ile saa ya kwanza siwezi kuibeza, ingawa ningependa. Namkumbuka frateri mmoja kutoka seminari ya Kipalapala, kijana mnene mwenye haya, aliyeanza riwaya yake kwa maneno "Mvua ilinyesha."

"Ilinyesha juu ya nini, Frateri?"

"Juu ya kila kitu, Mwalimu."

"Hakuna mvua ya hivyo. Hata Nuhu alikuwa na dari. Wewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Jikoni, Mwalimu. Jiko la seminari."

"Ukasikia nini?"

Frateri akafikiri. "Bati. Bati lilikuwa linapiga kelele mpaka mpishi akawa anaonyesha chumvi kwa kidole."

"Basi andika bati na mpishi, uache kutulowanisha sote!"

Tulicheka mpaka kuku wakakimbia uani. Frateri akaandika bati na mpishi, na mpaka leo sijasoma mwanzo unaoushinda ule. Msomaji alikuwa na sikio. Alijua sentensi iliyoandikwa na mtu aliyeketi na ile iliyoandikwa na mtu anayeogopa. Alikumbuka jina la mbwa katika ukurasa wa tatu wa muswada ulioletwa miaka mitano nyuma. Angekuwa mjinga, ningemsamehe mapema.

Halafu inakuja ile sehemu ya pili: mwisho ukate. Ukimwuliza kwa nini, alivuta ugoro, akapiga chafya, akasema, "Unajirudia." Sote tulikuwa tunajirudia. Tukaondoka tukiwa tumeinamisha vichwa, tukakata.

Alikuwa mtu wa misemo, na mingi ilihusu wapagazi. Barabara ile ya zamani sasa ni kijia cha mbuzi na bodaboda nyuma ya choo chake, lakini yeye aliizungumzia kana kwamba msafara ulipita asubuhi ile ile na vumbi lilikuwa halijatua. "Mpagazi hodari siyo anayekwenda mbali," alisema. "Ni yule ambaye asubuhi anakwenda moja kwa moja pale alipoutua mzigo wake, anauinua, bila kumwuliza mtu." Tuliuandika msemo huo kwenye madaftari. Nyamizi peke yake hakuandika. Aliuliza, "Na yule aliyeutua akaona uvivu kuuinua tena, Mwalimu?"

"Huyo huachwa porini, binti yangu. Fisi wanamjua kwa jina."

Akacheka, akalamba kidole.

Nyumba yake ilinuka tumbaku, panya na maziwa yaliyoganda. Alikula huku akisoma na kusoma huku akila, na kama ulimpa karatasi zilizochapwa, zilirudi na madoa ya mchuzi mahali ambapo wengine huweka alama ya kalamu. Alikuwa na shati moja la kupokelea wageni, na kola yake ilikuwa nyeusi hata ingeweza kusimama bila shingo. Ila nilipolazwa na malaria chumbani kwangu, watu wa kikundi walituma ujumbe wa pole wenye picha za maua. Yeye alikuja kwa miguu siku tatu mfululizo na chupa ya uji. Alifuta kijiko kwenye shati lile lile, akaninywesha. Nilikunywa. Mpaka leo sijui kama nilipona kwa dawa au kwa kuogopa uji wa siku ya nne.

Uongo aliuchukia, au tuliamini hivyo. Aliwahi kutoka kwake mpaka stesheni ya treni, jua la saa nane, kumrudishia kijana mmoja kalamu aliyoiazima, kwa sababu alisema ataileta leo na leo ilikuwa inaisha. Kijana alikuwa amekwisha kupanda behewa. Msomaji alimpitishia kalamu dirishani, akasimama akihema, kitambaa puani. Unamfanyaje mtu kama huyo?

Nilichokigundua nilikigundua kwa bahati. Aliniita nimpangie mafaili, maana ya watu wote yalikuwa yamechanganyika na hotuba za misiba na barua za mtaa. Yeye alikuwa uani akibishana na muuza mkaa. Programu yake ya kuandikia ilikuwa na adabu moja ambayo programu nyingi zinayo, na wengi hawaitilii maanani: ukifungua faili, haikupeleki mwanzo. Inakurudisha mahali ulipoishia siku ya mwisho, ukurasa ule ule, mstari ule ule, na kijistari cheusi kinawaka na kuzima mbele ya herufi uliyoiacha. Kama yule mpagazi na mzigo wake.

Nilifungua la kwangu kwanza, kwa kujipenda. Lilifunguka ukurasa wa tisa.

Nikatabasamu. Nikajiambia, labda amerudia mwanzo kwa kuupenda. Nikafungua la Frateri. Ukurasa wa nane, katikati ya sentensi. Nikafungua la mwenzetu wa Nzega aliyeandika maisha ya wafugaji kwa miaka minne. Ukurasa wa tisa. Lingine, wa saba. Lingine, wa tisa. Niliendelea kufungua kama mtu anayekwangua kidonda. Vijistari vyote vilikuwa vimesimama pale pale, mlangoni, hakuna kilichoingia ndani. Mwisho nikafungua la Nyamizi, kurasa mia tatu na kitu, lile lenye sauti ya bibi yake. Kijistari kilikuwa kinawaka ukurasa wa tisa, mbele ya neno "asali."

Nilitazama kopo mezani. Ilikuwa ile ile, ya ndoo ya baba yake. Mtu huyu alikuwa amekula ndoo nzima, na kitabu hakukila. Nilitoka nje nikatema mate nyuma ya choo, kwenye ile barabara ya misafara. Muuza mkaa akaniuliza, "Kijana, umekula nini?"

Sikutaka kumhukumu kwa kosa la mashine. Nikamtega. Niliandika kurasa kumi na moja kwa jasho langu lote, za mwanamke wa stesheni anayehesabu mabehewa, na kuanzia ukurasa wa kumi na mbili nikabandika maelezo ya kuchonga mzinga wa nyuki, ukurasa ule ule mmoja, mara themanini. Nikapeleka na jogoo. Mwezi ulipotimia nikaitwa.

"Mwanamke yule!" alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa kweli. "Anavyohesabu kwa kukunja vidole, halafu vidole vinaisha na treni haijaisha. Umeuona wapi msiba huo, mwanawane?" Akaendelea saa nzima. Aliniambia mambo kuhusu mwanamke yule ambayo mimi mwenyewe niliyeandika sikuwa nayajua. Kisha akasema, "Mwanzo una pumzi. Mwisho ukate."

"Wote, Mwalimu?"

"Wote. Unajirudia."

Wenzangu ukutani wakaguna kwa huruma. Kwa mara ya kwanza alikuwa amesema kweli tupu, na hakujua. Wenzangu walipotoka, naye akaenda kuchemsha chai, nikafungua faili. Ukurasa wa nane. Hakufika hata kwenye mzinga.

Sasa nitasema lililo baya zaidi, nalo si lake. Sisi tulikuwa tumeufanya uvivu wa mtu mmoja kuwa sanaa ya mji mzima. Kwa kuwa sote tulikata, vitabu vyetu vyote viliisha ghafla, kama mtu aliyeitwa nje katikati ya neno. Watu wa Dar wakaona, wakapenda. Mmoja alitusifu mbele ya ukumbi kwamba waandishi wa Tabora wana ujasiri wa kutomaliza. Nasi, badala ya kuona aibu, tukaanza kufafanua. Mimi mwenyewe nilisimama na kipaza sauti nikaeleza kwamba sisi ni watoto wa njia ya misafara, kwetu safari haina mwisho, ina vituo tu. Watu walipiga makofi. Nikikumbuka sauti yangu siku ile natamani kuosha masikio.

Na kitabu changu, kile kilichokatwa kurasa sitini ambazo hakuzisoma, kilikuwa kizuri zaidi kilipokatwa. Lazima nilikiri hilo. Zilikuwa kurasa mbovu. Alipiga jiwe gizani akampata ndege. Nyuma ya jalada kuna maneno yake mwenyewe: "Nimekisoma kwa pumzi moja." Sasa unajua kwa nini nilinyamaza. Ningemfichua, ningechana jalada langu. Kila Jumamosi nilikaa karibu na Nyamizi, nikamwona anaandika kidogo zaidi, halafu haandiki, halafu haji. Alirudi Ipole kwenye mizinga ya baba yake. Alituambia kitabu kimekufa. Amekata nusu ya pili kama alivyoambiwa, na nusu ya kwanza peke yake haisimami. Nilimwambia, "Pole." Hilo tu ndilo nililomwambia.

Alinipigia mwaka huu, siku chache baada ya arobaini ya bibi yake.

"Nenda kwa Msomaji," alisema. Nyuma yake nilisikia nyuki na watu wakiitana. "Niko kwenye kurina, siwezi kutoka. Mimi nilifuta kila mahali, nilikuwa na hasira na mkono wangu. Yule hafuti kitu. Nakala yangu nzima lazima iko kwake."

"Nitakwenda."

"Labda alikuwa sahihi kuhusu nusu ile. Kwamba ninajirudia. Lakini bibi alikuwa akijirudia kweli, ndivyo alivyozungumza. Nataka kumsikia tu."

"Labda," nikasema. Mdomo huu huu.

Nilikwenda alasiri. Alikuwa amepungua, kioo kimoja cha miwani kimepasuka, kola imebaki ile ile. Nilisema shikamoo, akasema marahaba, akanishika mkono kwa ile asali yake, na nikaufuta mkono kwenye suruali nikiwa nimeuficha nyuma.

"Faili la binti wa Ipole," nikasema. "Sasa analihitaji."

"Lipo." Hakuuliza kwa nini. "Utalichukua. Lakini na mimi nina kitu. Nimeandika kitabu, mwanawane. Cha vituo vya barabara hii, kituo kwa kituo. Hakuna aliyekisoma. Nakwenda kutoa pole kwa jirani, kafiwa na mkwe. Kaa usome."

"Chote, Mwalimu?"

"Anza tu. Kinajiendesha."

Akavaa shati la wageni, akatoka.

Kwanza nilinakili la Nyamizi kwenye flashi. Nililifungua kuhakikisha ni zima. Ukurasa wa tisa, "asali," kijistari kinawaka. Nikashuka, nikashuka, mpaka nikamkuta bibi, katikati, akisimulia aliyoyasikia kwa mama yake: "Wanaume walibeba pembe, na pembe zikaandikwa uzito. Sisi tulibeba vyungu vya kuwapikia hao waliobeba pembe. Chungu nani alikiandika? Nakuuliza wewe mwenye kalamu, chungu nani alikiandika?" Na ukurasa uliofuata aliuliza tena, na uliofuata. Ndiyo, alikuwa anajirudia, kama mtu anavyogonga mlango usiofunguliwa. Hiki ndicho kilichokatwa bila kuonwa.

Ndipo nikafungua kitabu chake. Kurasa mia mbili na kumi. Ukurasa wa kwanza majina ya vituo, wa pili majina ya mito, wa tatu maelezo ya jinsi majina yalivyobadilika. Nilisoma kwa meno yaliyoumana. Wa nne, wa tano. Katika wa sita alikuwa anaeleza aina za kamba za kufungia mizigo, na nikasema kwa sauti katika chumba kile kitupu, "Sitaki." Nilikuwa na chuki ya kutosha kunihesabia haki. Nikabonyeza kitufe cha kwenda mwisho. Kurasa zikaruka, kijistari kikasimama baada ya nukta ya mwisho. Sikusoma hata neno la mwisho. Nikafunga faili, nikakaa nikitazama sisimizi, kwa sababu nilijua atafungua, na nilijua ataona nini.

Alirudi baada ya saa moja hivi. Akavua shati, akaketi, akachovya kidole, akafungua kitabu chake. Kikafunguka mwisho.

Akakitazama kijistari muda mrefu.

"Umefika mwisho," akasema.

"Nimefika, Mwalimu."

"Kurasa mia mbili na kumi. Kwa pole moja ya jirani."

Nikampuliza sisimizi mmoja ukingoni mwa meza.

"Unadhani sijui mashine yangu inavyofanya?" Hakuwa na hasira. Alikuwa na ile sauti ya saa ya kwanza, ya bati na mpishi. "Kila nikifungua la mtu, inanirudisha nilipoutua mzigo. Kila siku. Nilijua siku ile ulipotoka kutema mate nyuma ya choo. Ningeweza kukisogeza kijistari, nikabonyeza mara moja kama wewe. Sikuwahi. Mimi mvivu, mwanawane, lakini nilikiacha kilipokuwa."

"Kwa nini hukusoma?"

"Usinitafutie sababu nzuri. Ninyi waandishi mna ugonjwa huo. Nilipenda mianzo, na nilipenda kuitwa." Akapiga chafya, akafuta. "Uliishia wapi kweli?"

"Wa sita."

"Mimi nilikupa tisa," akasema. "Wewe umenipa sita."

Sikuwa na pa kuweka uso. Akaendelea, "Binti umemwambia?"

"Sijamwambia."

"Basi mwambie sasa, nikisikia. Au nimpigie mimi, nimwambie la kwangu na la kwako."

Nikapiga. Nyuki bado walikuwa pale nyuma ya sauti yake. "Limepatikana?" akauliza kabla ya salamu.

"Limepatikana. Lote. Nyamizi, hakulisoma. Aliishia ukurasa wa tisa. Yetu sote aliishia hapo. Hajui kama unajirudia au hujirudii."

Nilimsikia akimwachia mtu kazi, akisogea mbali na nyuki.

"Wewe umejua lini?"

"Miaka miwili."

"Miaka miwili," akasema polepole, kama anayeipima mkononi. "Mpe flashi dereva wa basi la Sikonge. Baba atakwenda kuipokea stendi. Wewe usije."

Akakata.

Msomaji hakunifariji, namshukuru kwa hilo tu. Alilamba kidole, akabonyeza, na kurasa zikaanza kupanda, mia mbili, mia, arobaini, mpaka akafika wa sita, kwenye zile kamba za kufungia mizigo. Akakiweka kijistari mwanzoni mwa aya. Akasimama kwa kujisukuma kwenye meza, akanigeuzia laptopu, akaenda jikoni. Nilimsikia akitikisa kiberiti.

Basi la Sikonge lilikuwa bado halijaondoka. Ningeweza kutoka. Kijistari kiliwaka, kikazima, kikawaka. Nikasoma aina ya kwanza ya kamba, ya gome la mti, na ya pili, ya ngozi, na nilipofika mwisho wa kioo cha laptopu nikaweka kidole changu juu ya kitufe cha kushusha ukurasa.

Kilinata.